Basi Halijafika, Nauli Imepanda: Majibu ya Barua Zenu

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia mabasi ya mjini: hayaji kwa wakati, yakija yamefurika, nauli inapanda, na bajeti ikibanwa yanakuwa ya kwanza kukatwa. Tumechagua chache. Mtaona tunalirudia swali moja: mwenye basi analipwa kwa lipi? Kwa kila abiria, kwa siku, au kwa kilomita? Ukishalijua hilo, vituko vingi vya barabarani vinajieleza vyenyewe.

SWALI: Nasubiri nusu saa bila basi, kisha yanakuja matatu yakifuatana. La kwanza limejaa mpaka mlangoni, la tatu tupu. Madereva wanafanya makusudi?

JIBU: Mara nyingine ndiyo, lakini hata madereva wakiwa waadilifu kabisa mabasi hugandana. Basi likichelewa dakika mbili hukuta abiria wengi zaidi kituoni. Kuwapandisha kunalichelewesha tena, na kituo kinachofuata wamezidi kuongezeka. La nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa, halisimami sana, mwishowe linalifikia la mbele. Abiria anayelipa taslimu mlangoni hutumia sekunde 4 au 5, na zaidi kama anadai chenji. Mwenye kadi hutumia chini ya 3. Kwa abiria 50, hiyo peke yake ni zaidi ya dakika moja na nusu katika safari moja. Ndiyo maana kulipa kabla ya kupanda, na kufungua milango yote, kunasaidia kuliko kumhimiza dereva akimbie.

Mabasi yakishagandana, dawa ni kulizuia la nyuma kituoni kwa dakika chache mpaka nafasi irudi. Anayefanya hivyo ni msimamizi wa njia, kwa redio au kwa kufuatilia GPS. Waliomo ndani watanuna, ila walioko vituo vya mbele hawatakaa nusu saa bila usafiri.

Makusudi huingia pale dereva anapopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni na kubaki na kinachozidi. Hapo kila abiria ni riziki yake. Atakaa mwanzo wa njia mpaka basi lijae, atamkimbiza mwenzake ili amuwahi kituoni, na abiria wakipungua atageuzia katikati ya njia. Faini hazikomeshi tabia hiyo, kwa sababu malipo yenyewe yanaizalisha upya kila asubuhi. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilikuwa na fujo ya namna hiyo kwa miaka mingi. TransMilenio, mfumo wake wa mabasi yaendayo haraka, ilipoanza mwaka 2000, waendeshaji wa mabasi makubwa kwenye njia zake kuu walilipwa kwa kilomita walizokwenda, na sababu ya kugombania abiria ikaondoka kwenye njia hizo.

SWALI: Nauli imepanda mara mbili, lakini sijaona basi hata moja la ziada. Pesa zinakwenda wapi?

JIBU: Huenda zimemezwa na foleni. Chukua njia ya kilomita 12, basi likienda kwa wastani wa kilomita 16 kwa saa, kusimama vituoni kukiwemo. Kwenda ni dakika 45, kurudi 45, na mapumziko ya dakika 5 kila mwisho wa njia. Mzunguko mmoja ni dakika 100. Ukitaka basi kila dakika 10, unahitaji mabasi 10. Sasa foleni iongezeke, mwendo ushuke hadi kilomita 12 kwa saa. Kwenda kunachukua saa nzima, mzunguko unakuwa dakika 130, na ili abiria aendelee kupata basi kila dakika 10 yanatakiwa mabasi 13. Ni mabasi matatu zaidi, na madereva wake, mafuta yake na bima yake, bila abiria hata mmoja kuongezeka. Mwendeshaji asiye na pesa hizo hubaki na mabasi yake 10, na muda kati ya basi na basi unakuwa dakika 13 bila tangazo lolote.

Kwa hiyo njia maalumu ya mabasi ni suala la fedha kabla ya kuwa suala la mwendo. Kadhalika taa za barabarani zinazolipitisha basi kwanza, na kuondoa magari yanayoegeshwa vituoni. Halmashauri inayolalamikia gharama za mabasi huku ikiyaacha magari hayo inajitia hasara yenyewe.

Kuna gharama nyingine zisizoonekana. Basi la dizeli la mita 12 hunywa takriban lita 35 hadi 45 kwa kilomita 100 za mjini, na kusimama na kuondoka kila mara ndiko kunakopandisha kiasi hicho. Palipo na mishahara mikubwa, wafanyakazi huchukua nusu ya gharama zote au zaidi. Palipo na mishahara midogo, mafuta, spea na marejesho ya mkopo wa basi ndivyo vinavyouma. Halafu kuna saa za msongamano. Mabasi hununuliwa kwa kiasi cha abiria wa asubuhi na jioni, na mchana mengi yanakaa yadi huku mkopo ukiendelea kulipwa.

Na nauli yenyewe haileti kiasi inachoonekana kuleta. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wapangaji wa usafiri, nauli ikipanda asilimia 10, abiria hupungua asilimia 3 hivi katika miezi ya mwanzo. Abiria 100 waliokuwa wakilipa 10 kila mmoja walileta 1,000. Sasa 97 wanalipa 11, jumla 1,067. Yaani nauli imepanda asilimia 10, mapato yamepanda chini ya 7. Baada ya miaka kadhaa upungufu huwa mkubwa zaidi, watu wakinunua pikipiki au kuhamia karibu na kazi.

SWALI: Ruzuku ya mabasi si ni kumpa tajiri kodi zetu tu?

JIBU: Inategemea mkataba, na mkataba ndicho kitu ambacho wananchi hawaombi kuonyeshwa.

Kuna mkataba ambao mamlaka inachukua nauli yote na kumlipa mwendeshaji kwa kilomita au kwa saa za huduma. Uzuri wake ni kwamba njia maskini inahudumiwa sawa na njia tajiri. Ubaya: mwendeshaji hana haja ya kuwahimiza abiria walipe, na anaweza kurundika kilomita tupu. Kuna mwingine ambao mwendeshaji anabaki na nauli na kuongezewa kiasi kilichokubaliwa. Huyo atawajali abiria, lakini ataibania njia ya pembezoni kila akipata mwanya. Na kuna ruzuku isiyo na masharti, inayotolewa kwa idadi ya mabasi au kwa lita za mafuta. Hiyo tunaipinga waziwazi, maana inalipia basi kuwepo au kuchoma mafuta. Kumfikisha abiria si sharti.

London hutumia aina ya kwanza. Kila njia inashindaniwa kwa zabuni, na kwa muda mrefu mkataba wa kawaida ulikuwa wa miaka 5, ukirefushwa miaka 2 kwa aliyefanya vizuri. Kwenye njia zenye mabasi 5 au zaidi kwa saa, kipimo kikuu ni dakika ambazo abiria anasubiri kupita zile ambazo angesubiri kama mabasi yangefuata ratiba. Anayezipunguza anapata ziada, anayezizidisha anakatwa. Nje ya London, Uingereza ilifuata njia nyingine kuanzia Oktoba 1986: mwenye leseni alijiamulia aende wapi, na halmashauri ikabaki kulipia mapengo, hasa safari za usiku, Jumapili na vijijini. Greater Manchester, eneo la mji wa Manchester na miji jirani, imeuacha mfumo huo na kurudisha mabasi chini ya mamlaka ya umma kwa awamu, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025.

Ukiuona mkataba wenu, tafuta mambo haya: malipo ni kwa lipi, safari isiyofanyika inakatwa kiasi gani, nani anamiliki takwimu za GPS na za tiketi, na mabasi na yadi vinabaki kwa nani mkataba ukiisha. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Mwendeshaji akiwa ndiye mwenye yadi pekee mjini, zabuni inayofuata haina ushindani wa kweli.

SWALI: Kwa nini usafiri wa mabasi usiwe bure kabisa?

JIBU: Unaweza kuwa bure, na mahali fulani ni bure. Luxembourg iliondoa nauli nchi nzima mwaka 2020. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ilifanya hivyo mwaka 2013 kwa waliojiandikisha kama wakazi, na hapo ndipo ilipo siri ya fedha zake: sehemu ya kodi ya mapato huenda kwenye mji ulipojiandikisha, kwa hiyo kila aliyehamisha usajili wake ili apande bure aliuletea mji kodi. Dunkirk nchini Ufaransa ilifuata mwaka 2018. Hasselt, Ubelgiji, ilianza mwaka 1997 na ikarudisha nauli mwaka 2013, gharama zilipolemea.

Swali la kuuliza kwanza ni nauli inalipia sehemu gani ya gharama zenu. Ikiwa ni asilimia 10, kuiondoa si jambo kubwa, na unaokoa gharama za mashine na wakaguzi. Ikiwa ni asilimia 60, unatoboa shimo ambalo lazima lijazwe kila mwaka na kila serikali ijayo. Tena abiria wapya wengi hutoka kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Wenye magari huhama wachache. Pesa zikiwa hazitoshi kuondoa nauli na kuongeza mabasi kwa pamoja, sisi tungeanza na mabasi ya mara kwa mara, na nauli nafuu kwa wasiojiweza.

Vyanzo vya kujazia vipo. Ufaransa huwatoza waajiri asilimia fulani ya mishahara, kwa hoja kwamba mwajiri naye ananufaika mfanyakazi akifika kazini. Ilianza Paris mwaka 1971, ikaenea mikoani kuanzia 1973, na leo huwahusu wenye wafanyakazi 11 au zaidi. London ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji Februari 2003, na mapato yakatengwa kwa ajili ya uchukuzi. Ada za maegesho nazo ni chanzo kizuri ambacho miji mingi inakiacha kivuje.

SWALI: Tuliletewa mabasi mapya kwa sherehe. Miaka mitatu baadaye nusu yako juu ya mawe. Nani alaumiwe?

JIBU: Aliyepanga bajeti ya kununua bila bajeti ya kuendesha. Fedha za kununua hutolewa mara moja, na anayezitoa anapigwa picha. Fedha za madereva, tairi, breki na mafuta zinatakiwa kila mwezi bila picha. Kabla ya kushangilia, uliza kama bei ilijumuisha spea na mafunzo ya mafundi, kama mabasi ni ya aina moja (aina nne ni stoo nne za spea), na kama asilimia 10 hadi 20 yametengwa kuwa akiba wakati mengine yako karakana. Pasipo akiba, basi linalopaswa kufanyiwa huduma linarudishwa barabarani, breki zinaisha hadi chuma, na matengenezo madogo yanageuka makubwa.

Kwa mabasi ya umeme, fanya hesabu ya umbali kabla ya kusaini. Betri ya kilowati-saa 300, ukitumia asilimia 80 tu ili idumu, inakupa 240. Basi likila 1.2 kwa kilomita, utapata kilomita 200, na kiyoyozi kinapunguza. Kama zamu zenu ni kilomita 250 kwa siku, unahitaji chaja ya mchana au mabasi ya ziada. Na laini ya umeme ya kufika yadi iombwe mapema, kwani si ajabu mabasi kufika kabla yake.

SWALI: Njia yetu inafutwa kwa sababu "haina abiria". Sisi tunapanda kila siku. Tupinge vipi?

JIBU: Kwa namba. Ombeni takwimu za abiria kwa kila saa na kila upande, sio wastani wa mwezi, kwa sababu wastani huficha asubuhi iliyojaa nyuma ya mchana mtupu. Nanyi hesabuni wenyewe: simameni mahali ambapo basi hujaa zaidi, Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa wazi, na kwa kila basi andikeni saa lililofika, namba yake, makadirio ya waliomo, na walioachwa kituoni. Hao walioachwa ndio ushahidi ambao mashine ya tiketi haiuoni.

Kisha ulizeni kufuta kunaokoa nini hasa. Ukiondoa safari mbili za mchana huku dereva analipwa zamu nzima na basi limelala yadi, umeokoa mafuta tu. Kupunguza nako kunajizalisha: basi la kila dakika 10 unalisubiri wastani wa dakika 5, la kila dakika 30 wastani wa 15. Abiria wanakimbia, halafu kupungua kwao kunakuwa sababu ya kukata tena.

Nendeni na pendekezo mbadala mkononi. Kunyoosha njia inayozungukazunguka na kupunguza vituo vilivyo mita 150 tu kutoka kimoja hadi kingine, viwe mita 300 hadi 400, kunaweza kupunguza mzunguko kiasi cha kuondoa basi moja bila kugusa ratiba. Mzee au mlemavu aliyekuwa na kituo mlangoni ataumia, kwa hiyo angalieni kwanza vituo vya hospitali na soko.

SWALI: Basi likinipita bila kusimama, nimlalamikie nani?

JIBU: Mwendeshaji, na nakala kwa mamlaka iliyompa kibali au mkataba. Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa kamili, kituo, upande basi linakoelekea, namba ya njia na ya usajili. Bila saa na kituo hawawezi kulitafuta kwenye kumbukumbu za GPS, na lalamiko litafungwa.