Mzazi ale nini? Samli, uwatu na siku arobaini

Nilipoandika kuhusu mtori wa mzazi, barua nyingi zilizofuata ziliuliza juu ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na jinsi inavyomtunza mwanamke aliyejifungua. Leo najibu sita.

Shikamoo Shangazi. Kwetu ni Moshi, nimeolewa na Mgujarati wa Mombasa. Mama mkwe anataka siku arobaini nile samli na vitu vya moto tu. Mama yangu analeta ndizi za mtori. Nimfuate nani?

Marahaba mwanangu. Wafuate wote wawili, maana hawagombani. Ayurveda inasema kuzaa huliacha tumbo wazi, na vata, yaani upepo wenye ubaridi na ukavu, hujaa humo. Kwa hiyo mzazi hupewa vyakula vya moto, laini na vyenye mafuta: siku za mwanzo uji mwepesi wa mchele, halafu mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi vikarojeka, samli, tangawizi kavu, bizari nyembamba na pilipili manga. Bibi wa pwani anayekupikia uji wa pilipili manga na kukukataza maji ya barafu anasema karibu yaleyale.

Niliwahi kukaa jikoni kwa jirani wa Kigujarati akimtengenezea bintiye ladu za gundi. Gundi yenyewe ni utomvu mkavu wa mti, vipande vinavyong'aa kama asali iliyoganda. Alivitia kwenye samli ya moto, vikavimba na kupasuka kama bisi. Akavitwanga, akachanganya na unga wa ngano uliokaangwa, lozi, tangawizi kavu na sukari guru, akafinyanga matonge yangali ya moto. Binti akawa anakula moja kila asubuhi na maziwa. Hicho ni chakula cha maana kabisa: anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Lakini ladu haitarudisha damu uliyopoteza. Hapo nyama ya mtori inakufaa, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aendelee navyo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kwenye nchi ambako upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo kubwa. Usivimeze kwa chai. Na wakikunyima mchicha na papai eti vina baridi, kataa kwa heshima. Choo kigumu kwa mwenye mshono ni mateso.

Mtoto ana wiki tatu, maziwa hayatoshi. Nimeambiwa ninywe maji ya uwatu. Nina kisukari.

Uwatu wa kwenye mchuzi hauna neno. Kuunywa kwa vikombe ni jambo jingine: unaweza kushusha sukari, na ukiwa kwenye dawa za kisukari unaweza kuishiwa nguvu ghafla, umembeba mtoto. Muulize daktari wako kwanza. Mwenye mzio wa karanga au dengu naye ajihadhari.

Tafiti kuhusu uwatu na maziwa hazijakubaliana. Kinacholeta maziwa kwa hakika ni mtoto kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, akiwa amelishika titi vizuri. Hesabu nepi zilizolowa: sita au zaidi kwa siku, na uzito ukipanda kliniki, basi maziwa yanatosha hata kama matiti yako ni laini.

Nilizaa kwa upasuaji. Shangazi yangu anataka kunikanda tumbo kwa maji moto.

Usikubali. Kidonda hakikandwi, na maji ya moto yameshaunguza wazazi wengi. Mwombe akuchue mabega, mgongo na nyayo kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, kama Ayurveda inavyofanya. Tumbo lingoje ruhusa ya daktari. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, usichuliwe hata kidogo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni damu iliyoganda.

Je, vidonge na dawa za chupa za Ayurveda zinazouzwa mtandaoni ni salama kwa anayenyonyesha?

Mimi simshauri mzazi yeyote kuzitumia bila daktari. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizotoka Asia Kusini na kuuzwa madukani Boston, Marekani. Katika 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa hizo huwekewa madini kwa makusudi, ndivyo zilivyofundishwa tangu zamani. Risasi hupita kwenye maziwa. Halafu kuna ile dawa ya mizizi kumi, dashamula, ambayo ikiuzwa kama arishta huwa imechachushwa na ina pombe. Akina mama wengi hawaambiwi hilo.

Tumlambishe mtoto asali?

Hapana, si kabla ya kutimiza mwaka. Vimelea vilivyomo vinaweza kumlegeza misuli hadi ashindwe kupumua. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu.

Shangazi, mke wangu ana siku 12 tangu ajifungue. Dada zangu wanampikia kila kitu, lakini hali chochote. Usiku analia, jana akasema mtoto angeishi vizuri zaidi bila yeye.

Mwanangu, hapo weka chakula kando. Machozi ya siku za mwanzo huja na kwisha ndani ya wiki mbili, lakini neno alilolisema jana halisubiri. Mpeleke hospitali leo, umweleze mhudumu neno hilo kama lilivyo, usilipunguze. Asikae peke yake hata kidogo, wala asiambiwe kwamba hana shukrani. Dada zako wambebe mtoto, wewe mshike yeye mkono.