Jibu: Gründgens katika Faust, ni filamu ipi?

Habari ndugu. Unataka kumwona mwigizaji Mjerumani Gustaf Gründgens akiwa Mephisto, yule shetani wa Faust, lakini filamu ya Faust uliyoipata haina sauti na yeye humwoni. Angalia mwaka kwanza: bila shaka hiyo ni ya mwongozaji Murnau, 1926, na Mephisto wake ni Emil Jannings. Tafuta ya 1960, ya Peter Gorski. Imetokana na onyesho la jumba la maigizo la Deutsches Schauspielhaus, Hamburg, ambako Gründgens alikuwa mkurugenzi tangu 1955. Mtazame uso: umepakwa nyeupe, nyusi na mdomo ndivyo vinavyosema. Mimi huirudia kwa ajili ya uso huo tu! Kisha tazama M, filamu ya Fritz Lang ya 1931 kuhusu msako wa muuaji wa watoto. Humo anaongoza wahalifu, mtulivu ndani ya koti la ngozi, na kwangu anatisha kuliko muuaji mwenyewe.