Kabla hujalipia milango mepesi, omba kipande ukakiloweke

Juzi dada mmoja anayejenga Goba kaniandikia: "Kaka, nina vyumba vinane vya kupangisha. Fundi anasema mninga, dukani wananiambia WPC, ile yenye plastiki, na mume wangu kashaona ya MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwa bei nzuri. Nichukue milango ipi?" Ujumbe huo nimekaa nao siku mbili bila kujibu, maana umenigusa pale pale panaponiuma.

Mwaka 2019 nilikuwa nafunga nyumba yangu ya ghorofa moja Kigamboni, vyumba sita chini na sita juu. Habari za msingi, zege na bati siwasimulii, mnazijua. Nilipofika kwenye milango, mfuko ulikuwa umetoboka. Nilikwenda Keko nikapiga hesabu ya mninga: mlango wa sentimita 90 kwa 210, unene sentimita 4, mbao tupu, unakaribia kilo 48. Zidisha mara kumi na mbili, halafu fikiria wa kuipandisha ngazi. Na mninga ukiuziwa haujakauka vizuri, unakuja kupinda ukiwa umeshafungwa kwenye fremu.

Kwenye duka moja nikaonyeshwa mlango mzuri, rangi ya mninga kabisa, nikauinua kwa mkono mmoja. Muuzaji akaniapia: "Huu hauingii maji, bosi." Nikalipia yote kumi na miwili palepale, ikapakiwa kwenye kirikuu, nikarudi nyumbani nimefurahi kama nimeokota pesa.

Balaa lilianza fundi alipotoboa pa kuweka kitasa. Patasi ikazama hadi kwenye mpini. Kumbe juu ni MDF nyembamba, ndani hakuna mbao, ni karatasi tu iliyopangwa kama masega ya nyuki. Tena mingi ya milango hii huwekewa kipande cha mbao upande mmoja tu, pale panapokaa kitasa, na sisi tulikuwa tumeupeleka upande huo kwenye bawaba. Milango mitatu ikaharibika kabla hata haijapakwa rangi.

Masika yaliyofuata yakamaliza mabafu. Nilipiga magoti mbele ya mlango wa bafu la chini nikabonyeza kona kwa kidole gumba, kikaingia. Unga wa mbao ulikuwa umelowa, wa baridi, na lile ganda la juu lenye picha ya mninga limebanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Mpangaji wangu wa kwanza, mama wa watoto wawili, alikuwa anaoga huku mwanawe wa kike kaushikilia mlango kwa nje, kwa sababu kitasa hakishiki tena. Aliniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza. Mwezi uliofuata akahama. Niliporudi dukani nikaambiwa, "Umeumwagia maji, bosi." Bafuni! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo moyo unakaza.

Lakini milango mepesi sikuiacha, na hapa ndipo watu wengi wananielewa vibaya. Mwaka jana nimebadilisha mabafu yote nikaweka WPC. Hii ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, kwa kawaida PVC. Maji hayapati pa kuingilia, na mchwa hawaihangaikii. Safari hii sikumwamini mtu. Niliomba kipande kilichobaki kwenye kukata, nikakizamisha kwenye ndoo pamoja na kipande cha mlango wangu wa zamani, siku tatu. Cha MDF kilivimba mpaka kingo zikafumuka. Cha WPC nilikifuta kwa kitambaa, nikakipima, unene ni ule ule. Ndipo nikalipa. Masika yamepita na milango inafungwa kwa kidole. Najivunia hilo, sifichi.

Ila nayo ina adui yake, jua. Mmoja niliuweka mlango wa baraza ya juu inayotazama magharibi, tena rangi ya kahawia iliyokolea. Umejikunja katikati, ulimi wa kitasa haukutani tena na tundu lake. Na mlango mwepesi ukipigwa na upepo wa bahari unabamiza hadi plasta inapasuka kandokando ya fremu, kwa hiyo weka mpira kwenye fremu na kizuizi sakafuni siku ile ile ya kufunga.

Sasa dada yangu, nisikilize. Mabafu na vyoo, WPC. Vyumba vya ndani, hiyo ya MDF ya mume wako inafaa, mradi muuzaji akuonyeshe mbao ya kitasa iko upande gani, na fundi asipunguze chini zaidi ya ukingo wa mbao, akifika kwenye karatasi mlango umekwisha. Mlango wa nje usiguse vyepesi, weka mninga au chuma, unalinda watu pale. Uugonge mlango juu, katikati na chini usikilize. Uupime uzito. Uloweke kipande. Nasema tena, uloweke kipande! Tunahangaika miaka kuchanga tofali moja moja, halafu jambo la kuulinda usiri wa mama anayeoga tunamwachia muuzaji anayetaka tuondoke dukani. Mpangaji hakulipi kodi ili akashike mlango.

Usilipe wiki hii. Omba kipande, kitie kwenye ndoo, siku ya tatu nitumie picha.