Tetemeko la pili halianzi sifuri

Wadogo zangu mnaoanza kukadiria jinsi majengo yanavyopinda katika matetemeko ya ardhi, okoteni kwanza waya wa kufungia nondo. Saiti yoyote ya Nyali au Likoni, hapa Mombasa, mtaukuta umetapakaa chini. Upinde kidogo, uachie: unarudi. Uzidishie: unabaki na kona. Sasa unyooshe, uupinde tena palepale. Baada ya mara kadhaa unakatika, na nguvu hukuongeza.

Ndivyo nondo inavyochoka ndani ya nguzo. Christchurch, New Zealand, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.1 Septemba 2010. Februari 22, 2011 likaja la 6.2, dogo lakini karibu mno na mji, likaua watu 185. Uturuki, Februari 6, 2023, lilipiga la 7.8, na baada ya takriban saa tisa likafuata la 7.5. Nani angekuwa ameshakarabati nguzo?

Katika modeli yangu ya kwanza ya kompyuta niliunganisha rekodi mbili za mtikisiko wa ardhi, moja kwa kila tetemeko, bila nafasi katikati. Jengo lilikuwa bado linayumba la pili lilipoingia, na msogeo niliopata, yaani umbali jengo linaosogea kutoka mahali pake, haukuwa na maana. Wiki nzima ya kazi ikapotea. Acheni sekunde za kimya, wengi huweka 100, mpaka sakafu itulie. Tazameni inatulia wapi: mara nyingi si pale ilipoanzia. Hapo ndipo tetemeko la pili linapoanzia, msilirudishe sifuri. Wala msinakili rekodi ileile mara mbili. Mitetemo inayofuata lile kubwa huwa na tabia yake.

Mtafundishwa kwamba msogeo wa jengo lililopinda hukaribia ule ambao lingeupata kama lingebaki nyumbufu, yaani likirudi lilivyokuwa kama waya uliopindwa kidogo. Kwa majengo marefu yanayoyumba polepole, sawa. Kwa yale mafupi na magumu, msogeo huzidi, na matetemeko yakirudiarudia huzidi tena. Nasisitiza hili kwa sababu nyumba nyingi tunazojenga hapa ni fupi, na Agosti 12, 2020 tetemeko la takriban 6 kwenye pwani ya Tanzania lilisikika hadi Mombasa.

Mwisho, choreni grafu ya nguvu dhidi ya msogeo. Kila yumbo la kwenda na kurudi huchora kitanzi. Vitanzi vikibaki vinono vilevile kutoka mtikisiko wa kwanza hadi wa mwisho, modeli yenu haijui kwamba zege limepata nyufa. Badilisheni kanuni ya zege, ile inayoiambia modeli jinsi zege linavyofanya likibanwa na kuvutwa, kabla hamjamwonyesha mtu yeyote matokeo.