Mwanafunzi hataki kuandika insha? Mwanzishie na mdundo

Nasomesha Kiswahili skuli moja Pemba, upande wa Wete, na kitu kilichokuwa kikinitoa roho ni insha. Unaandika kichwa cha habari ubaoni, unawapa dakika arubaini, ukija kukusanya madaftari mwengine kaandika mistari mitatu mwengine kachora gari. Nkiwaita wavivu mbele ya wenzao, na hilo mpaka leo linaniuma.

Alonifungua macho ni kijana mmoja wa form two. Insha haandiki, lakini jioni moja napita karibu na chuo cha Kurani namsikia yeye ndo anoongoza kaswida, beti chungu nzima ziko kichwani na kina hakimpotei hata kimoja. Nkasimama pale pale njiani. Kumbe maneno anayo tele, kinachomtisha ni karatasi.

Basi nkaanza hivi: spika ndogo ya bluetooth, simu yangu mwenyewe (kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu), na mdundo usio na maneno, kidumbaki (ngoma ndogo za taarab) au udi na fidla. Wanakaa wanne wanne, kila mmoja anasimulia kisa cha kweli huku mdundo unakwenda, siku alopanda mkarafuu tawi likakatika, au boti ilipochafukiwa na bahari, na mie narikodi. Halafu nawarejeshea wasikilize, waandike walichosema wenyewe neno kwa neno, na hapa ndo penye kazi hasa, maana mtoto akijisikia kasema "halafu" mara sita anaona haya anazikata mwenyewe bila ya mie kufungua mdomo, kitu ambacho kalamu yangu nyekundu miaka yote haijakiweza.

Wanapoandika usiwawekee nyimbo yenye maneno. Mie nlikosea mwanzo, nkawawekea bongo fleva wanayoipenda, wakaimba wote na daftari zikabaki nyeupe. Sauti iwe chini, ala tupu. Na kama kuna mzazi hapendi ala usibishane nae, dufu linatosha, hata meza ukiigonga inatosha.

Kwenye ushairi ndo nlipofaidi zaidi. Mizani nane kwa nane nlikuwa nahesabu silabi ubaoni mpaka chaki inakwisha na hawaelewi, siku hizi wanapiga makofi, mshororo ukizidi silabi moja makofi yanapishana na darasa zima linasikia. Huwa nawahadithia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba huko Unguja alozaliwa kwenye dhiki, skuli hakuiona, lakini mwaka 1928 alikwenda Bombay sauti yake ikaingizwa kwenye santuri, na hiyo santuri ndo ilikuwa teknolojia mpya ya wakati wake. Wakisikia hivyo wale wanaojiona hawajui kitu wanakaa sawa kwenye viti.

Kama una bando jaribu pia kibodi ya Google ya kuandika kwa sauti, Kiswahili inakijua, ila Kipemba chetu inakivuruga, na mie nafurahi ikivuruga kwa sababu wanagombania kuisahihisha, hapa ingekuwa "mwengine", hapa nukta, hapa aya mpya. Ndo uhariri huo, tena wameutaka wenyewe.

Yule kijana wa kaswida alisimulia babake anavyoanika karafuu na mvua inavyowakimbiza kukunja majamvi, ikatoka ukurasa na nusu, na kesho yake kanifata ofisini, "Mwalimu, nirikodi tena, pale mwisho hapajanikaa." Nkamrikodi mara tatu siku ile.

Jambo moja tu nakuomba mwalimu mwenzangu, sauti za watoto usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp bila ya ruhusa ya wazee wao na ya mtoto mwenyewe. Mie wakishamaliza kuandika nazifuta mbele yao, na tokea nimeanza kufanya hivyo hata wale waliokuwa wakinong'ona wanasema kwa sauti.