Kichwa cha mbalamwezi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kichwa kinachokurudia kila mara unakitibu wapi: hospitali, duka la dawa au tiba asili?" Milango yote mitatu nimeigonga, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mwaka wa 14 sasa. Kwa wasiolijua ziwa letu: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukipevuka dagaa hawaifuati tena, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu karibu wiki nzima na mwalo wote unalala. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Kwa wenzangu ni mapumziko. Kwangu ilikuwa inakuja na kichwa. Upande wa kulia tu, kinaanzia nyuma ya jicho, kinagonga sawasawa na mapigo ya moyo. Nikiinama kinazidi. Mawese yakianza kunukia jikoni natapika. Mtoto akiburuta ndoo sakafuni naona kama ananiburuta mimi. Nafunga leso kwa nguvu, nafunga na madirisha, nalala chini kwenye saruji yenye ubaridi siku nzima, mara nyingine mbili. Majirani wakakipa jina, "kichwa cha mbalamwezi", na mimi mwenyewe niliamini kabisa kwamba ni mwezi unanipiga.

Mama mkwe alinichanja. Alama mbili ndogo za chale ninazo mpaka leo juu ya nyusi, na chuku nilipigwa pia. Dukani kila nikienda naambiwa ni malaria. Mseto nimeumeza sijui mara ngapi bila kutobolewa kidole, na nilipokuja kupimwa, mara mbili, malaria hakuna. Halafu akatokea bwana mmoja anayezunguka na begi, akaniuzia unga wa "kuondoa sumu mwilini" kwa shilingi 35,000. Niliharisha siku tatu. Sumu sijui kama ilitoka, ila fedha ilitoka.

Kwa hiyo shoga yangu aliponitajia mama mmoja wa tiba mbadala pale Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, mwanzoni mwa mwaka 2024, nilimkatalia. Alinivuta tu. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni ukuta: cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, kilikuwepo. Nikakaa nikisubiri chupa. Chupa haikuja. Alinipima presha, ikawa sawa, kisha akaanza maswali, na maswali yale yalizidi saa nzima. Nalala saa ngapi? Naamka saa ngapi? Kitu gani kinaingia tumboni kwanza? Maji je? Hedhi inakuja lini? Mama yangu alikuwa na kichwa? Hapo nilikaa kimya kidogo. Tulipokuwa wadogo tulifukuzwa uani tusipige kelele kwa sababu mama "ana jua kichwani". Sikuwahi kuviunganisha hivyo viwili.

Akasema hiki ni kipandauso, kinatembea kwenye koo za watu, na wanawake kinatupata karibu mara tatu ya wanaume. Lakini hakutaka kuendelea mpaka daktari anione. Kichwa kinacholipuka ghafla, alisema, au chenye homa na shingo kukakamaa, au kinachokuja na mdomo kupinda au mkono kulegea, au kikali kwa mjamzito, au kinachomwanza mtu akiwa ameshavuka miaka 50, "hicho usiniletee mimi, kimbia hospitali." Nilikwenda. Daktari akataja jina lilelile, kipandauso. Niliporudi Mwanga ndipo akanipa dawa yake: daftari la shule na peni. Niandike kila siku saa ya kulala, saa ya kuamka, nilichokula, kahawa, maji, vidonge, hedhi, na kichwa kama kipo. Miezi mitatu.

Mwezi wa kwanza tu aibu ilianza kwenye safu ya vidonge. Siku 19! Mimi ningeapa ni siku tano. Panadol mbili kabla ya kwenda mwaloni "kwa tahadhari", mbili nikirudi. Akanieleza kwamba dawa za kawaida za maumivu, ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaanza kuzaa kichwa. Zile za mchanganyiko zenye kafeini ndani, siku 10 zinatosha. Nilipoziacha, kichwa kilinitesa wiki nzima kuliko mbalamwezi yoyote. Alikuwa ameshaniambia itakuwa hivyo, la sivyo ningerudi kwenye vidonge siku ya tatu.

Kisha akanifungulia daftari kurasa mbili pamoja, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza naamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja niko mwaloni, na kabla mitumbwi haijamaliza kutia nanga nimeshakunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu, maana yule muuza kahawa ananijua na hasubiri niagize. Saa mbili nakula mihogo. Sasa mbalamwezi: hakuna mitumbwi, hakuna muuza kahawa. Nalala mpaka saa nne, najipongeza. Kahawa hata sikumbuki. Tumbo linaona chakula saa saba mchana. Akaweka kidole hapo. Mwili uliozoea kahawa ukiikosa, kichwa kinaanza baada ya saa 12 hadi 24. Usingizi uliozidi unakiamsha kipandauso kama uliopungua. Njaa nayo inakiamsha. Mimi nilikuwa navifanya vyote vitatu siku moja, kila mwezi, na lawama nampelekea mwezi asiye na hatia.

Sikumwamini moja kwa moja, niseme kweli. Mtu ukishaishi na jina la ugonjwa wako miaka kumi, unalipenda. Mpaka ziwa lilipofungwa. Mnakumbuka mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Kibiashara ilikuwa njaa, niliuza mawese. Lakini kila siku niliamka saa kumi na moja, kikombe kimoja cha kahawa, uji kabla ya jambo lolote. Mwezi ukapevuka mara tatu ndani ya miezi hiyo. Wa Mei ukapita salama. Wa Juni kichwa kilikuja, na daftari likaonyesha ni siku mbili kabla ya hedhi, nayo ni sababu nyingine kabisa ambayo mpaka leo sijaishinda. Wa Julai niliuamkia. Nilisimama mlangoni alfajiri nikautazama unavyozama upande wa milima ya Kongo, mkubwa, mwekundu kidogo, na kichwa changu kitulivu.

Mengine aliyonipa ni madogo. Kikianza, miguu kwenye beseni la maji ya moto na kitambaa cha baridi kwenye paji la uso; aliniambia mambo ya kutibu kwa maji yalienezwa na padri mmoja wa Kijerumani wa karne ya 19, Sebastian Kneipp. Tulijua Wajerumani walituachia stesheni na meli ya MV Liemba, kumbe na beseni. Linanituliza, ingawa halikati maumivu. Tangawizi inanisaidia kichefuchefu. Kidonge nameza mapema, kikiwa bado kinanong'ona, wala si saa sita baadaye, na sipitishi siku nane kwa mwezi. Juani natandaza khanga usoni, maana dagaa wabichi wakianikwa kwenye mchanga wanametameta kama vioo na mimi kichwa hupitia machoni pia. Na mbegu za maboga, kwa ajili ya magnesiamu. Hizo nazila ila sizisifii sana: binti yangu anayesomea uuguzi Tabora ananiambia utafiti wa magnesiamu ulifanywa kwa vidonge vya kipimo maalumu, si kwa kiganja cha mbegu.

Huyo binti tunabishana sana. Anasema neno "asili" linawalewesha watu, na ana mfano: Ulaya kuna mmea wa butterbur, ulisifiwa kwa kipandauso mpaka na madaktari bingwa wa Marekani, kisha mwaka 2015 wakauondoa mwongozo wao uliousifia, kwa hofu kwamba mmea huo unadhuru ini. Naye amekirithi kichwa, na cha kwake kina mbwembwe: kabla hakijaanza anaona mistari ya msumeno ikimetameta pembeni ya jicho, kama nusu saa. Wasichana wenye dalili hiyo wamwambie muuguzi kabla ya kuchagua vidonge vya majira, kwa sababu vile vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi kwao. Hili sikuwahi kulisikia mahali popote hapa mtaani, ndiyo maana naliandika. Dada yangu yeye daftari halikumtosha, vichwa vilibaki vinane kwa mwezi. Daktari amemwekea propranolo ya kila siku na ametulia. Mwenye pumu haimfai dawa hiyo, kwa hiyo msiombane.

Keshokutwa mbalamwezi inaanza. Nimeshanunua robo kilo ya kahawa ya kupika nyumbani, na kengele ya simu nimeisogeza saa moja tu mbele, kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja. Mume wangu ananung'unika kwamba hata siku ambazo ziwa limelala, mimi namwamsha.