Maswali yenu kuhusu chili ya kuungaunga nyumbani

Tangu niongelee chili, ule mchuzi mzito wa Kimarekani wa nyama, nyanya na pilipili, mmeniuliza mengi, nayajibu hapa kwa pamoja.

Nyanya zishashika chini ya sufuria, maharage bado magumu. Shida nini? (Dada wa Uyole)

Pole dada, nyanya umeziwahisha. Asidi yake inakaza maharage, hata uchochee mkaa mpaka jioni hayalainiki. Afu sie tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu badala ya 100, kwa hiyo muda unaomtosha mtu wa Dar wewe haukutoshi, ongeza. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka punje ukiibonyeza kwa vidole inapondeka yote bila kiini kigumu katikati, hapo ndo ulete nyanya. Pale sokoni Mwanjelwa ulizia maharage ya msimu huu, yaliyokaa sana stoo yanasumbua. Na yale mekundu jamani msiyale nusu mbichi, yana sumu inayotaka yachemke kwelikweli, sio kupashwapashwa, yanatapisha vibaya mno.

Sina ile poda ya chili ya dukani.

Itengeneze mwenyewe, ni pilipili kavu, binzari nyembamba, kitunguu saumu na oregano, yale majani makavu ya kiungo, basi. Kaanga binzari bila mafuta mpaka inukie, pilipili kavu zipitishe motoni sekunde chache tu maana zikiungua zinakuwa chungu, twanga vyote na kitunguu saumu. Oregano ukiikosa achana nayo, ila binzari mimi sikubali ikosekane, bila hiyo umepika rosti ya maharage, tamu sawa, lakini sio chili.

Pilipili mbuzi au kichaa?

Mbuzi, kwa ile harufu yake. Itumbukize nzima na kikonyo chake, onja onja, ukiridhika itoe kabla haijapasuka. Ukiikata, jua ukali mwingi uko kwenye zile nyuzi nyeupe zinazoshika mbegu, kwangua hizo.

Imezidi ukali, watoto wanalia na maji hayasaidii! (Mama wa Mafinga)

Shikamoo mama. Maji hayawezi, ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unataka mafuta, wape maziwa au mtindi haraka. Sufuriani ongeza maharage na nyanya, na kila sahani iweke vipande vya parachichi la Tukuyu lililoiva vizuri, linapoza na linanoga sana na hii kitu.

Shemeji yako kasema chili ya kweli haina maharage.

Huyo anaongelea ya Texas, na huko ni kweli hawaweki, tena ndo chakula rasmi cha jimbo tangu 1977. Mpikie yake ya nyama tupu Jumapili moja, vipande vidogo, moto mdogo, masaa matatu. Siku zingine weka maharage bila wasiwasi, Wamarekani kibao wanaweka.